Shajara ya mradi: thredi zinazochelewa kwenye kifaa cha kupima mtikisiko wa mota ya mashine ya kusaga

8 Machi 2025. Kifaa, na kwa nini naanza upya

Mashine ya kusaga yenyewe iko Kihonda, Morogoro. Mota yake ni ya hosipawa 20, nguzo nne, inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Beringi ya mota ya namna hii haifi ghafla. Huanza kwa mkwaruzo mdogo, na kila gololi inapopita juu ya mkwaruzo huo mota hupata pigo dogo ambalo sikio halisikii lakini kihisi kinaliona. Kwa makadirio ya mafundi, idadi ya mapigo kwa sekunde ni idadi ya gololi mara mizunguko kwa sekunde mara 0.4. Kwa beringi ya gololi nane na mizunguko 24.2 kwa sekunde, tunatafuta kilele karibu na 77 Hz.

Toleo la kwanza la kifaa changu cha kupima mtikisiko nililifunga mwishoni mwa mwaka jana. Januari likatoa taarifa kwamba beringi ya nyuma imeharibika. Mzee mwenye mashine akasimamisha kazi, fundi akaifungua mota, beringi ikatoka nzima, haina mwanya wala alama. Nusu siku ilipotea, wateja wakabeba ndoo zao za mahindi kwenda kwa jirani, na fundi nikamlipa mimi TSh 20,000. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Fundi, mimi sina mashine mbili."

Nilipokagua faili za siku ile nikakuta vipimo vilikuwa na mapengo. Programu ilipoteza vipimo kadhaa, kisha ikabandika vilivyobaki kana kwamba vimefuatana. Penye kiungo mchoro unaruka, na mruko huo ukipitishwa kwenye FFT (hesabu inayotenganisha mtikisiko kuwa masafa yake) huzaa vilele ambavyo mota haikuvitoa. Kwa hiyo lengo la shajara hii ni moja: mapengo yafike sifuri, na yakitokea kifaa kiseme.

Vifaa: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3B ya mkono wa pili (kori nne, GHz 1.2, GB 1), kihisi cha ADXL345 kwa njia ya SPI, modemu ya USB yenye laini ya data, memori kadi ya GB 32. Mfumo ni Linux wa biti 64, keneli (kiini cha mfumo) 6.6. Programu nimeiandika kwa C na ina thredi nne, yaani kazi nne zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja, nami nitaziita kwa majina kama watu kwa sababu ndivyo ninavyozifikiria: msomaji anachukua vipimo kwenye kihisi, mwandishi anaviweka kwenye kadi, mchambuzi anafanya FFT kila sekunde, mtumaji anapeleka muhtasari mtandaoni.

Hesabu inayotawala kila kitu hapa chini ni hii. Kihisi kinatoa vipimo 1,600 kwa sekunde na foleni yake ya ndani inabeba vipimo 32 tu. Foleni hiyo inajaa kwa milisekunde 20. Msomaji akichelewa zaidi ya hapo, vipimo vya zamani vinafutwa na haviwezi kurudishwa.

15 Machi. Kupima kabla ya kugusa

Niliongeza kihesabu kimoja: kila msomaji anapokuta biti ya kufurika imewaka kwenye kihisi, anaongeza moja. Nikaendesha nusu saa mezani nyumbani, vipimo 2,880,000. Mapengo 412.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba Pi 3 imezeeka na haina nguvu. `top` ikanikatalia: prosesa ilikuwa bure kwa asilimia 83. Nikafungua `top -H` ili nione thredi moja moja, na hapo nikakwama kwa jambo la kipuuzi: tatu zilikuwa na majina niliyozipa, ya nne bado ilibeba jina la programu. `pthread_setname_np` inakubali herufi 15 tu, na mimi nilikuwa nimeandika `mwandishi_wa_kadi`, herufi 17. Ilirudisha kosa, nami sikuwa nimeangalia jibu. Nikafupisha. Zipeni thredi zenu majina mafupi siku ya kwanza, maana zana zote zinazofuata husoma jina hilo.

Baada ya majina kukaa sawa: mchambuzi anakula asilimia 60 ya kori moja, wengine watatu hawafiki asilimia 3 kwa pamoja. Asilimia 60 ya kori moja kati ya nne ni 15 ya mashine nzima, hesabu inaingiana. Hakuna aliyekosa prosesa. Hilo lilitakiwa liniambie nisiende nilikoenda siku tatu baadaye.

18 Machi. Kipaumbele ambacho hakikuwapo

Nilimpa msomaji sera ya `SCHED_FIFO` (zamu ya thredi zisizoweza kusubiri) na kipaumbele 80 kupitia sifa za thredi wakati wa kuiunda. Nusu saa nyingine: mapengo 405. Nikapandisha hadi 99: mapengo 420. Jioni mbili zikaisha nikibadilisha namba na kuendesha tena.

Dawa ilikuwa kuuliza keneli badala ya kuamini msimbo wangu:

```
ps -eLo tid,cls,rtprio,psr,comm | grep msomaji
```

Safu ya pili ilisema `TS`, yaani thredi ya kawaida kabisa. Ingekuwa imekubaliwa ingesema `FF`. Kisa chake ni kwamba thredi mpya hurithi sera ya aliyeiunda, na sifa zote ulizoweka hupuuzwa kimyakimya mpaka uongeze mstari wa tatu:

```
pthread_attr_setschedpolicy(&a, SCHED_FIFO);
pthread_attr_setschedparam(&a, &p);
pthread_attr_setinheritsched(&a, PTHREAD_EXPLICIT_SCHED);
```

Nilipouongeza, programu ikakataa kuanza: `EPERM`, yaani huna ruhusa. Hilo lilinifurahisha, kwa sababu kosa linaloonekana ni bora mara mia kuliko ukimya. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kujipa kipaumbele cha namna hii. Kwenye faili la huduma la systemd (kinachoanzisha programu Linux inapowaka) nikaweka `LimitRTPRIO=90` na `LimitMEMLOCK=infinity` (ya pili itahitajika baadaye), nikashusha msomaji kutoka 99 hadi 80. Sasa `FF` inaonekana.

20 Machi. Pengo moja kila sekunde

Kwa kipaumbele halisi mapengo yakawa mabaya zaidi: 1,797 kwa nusu saa. Niliyaangalia baada ya futari nikiwa nimechoka, na kilichoniamsha ni mpangilio wake. Nusu saa ina sekunde 1,800. Mapengo yalikuja moja kila sekunde, na kila moja lilimeza vipimo 48 hivi.

Msomaji wangu hakuwa analala tena: nilipompa kipaumbele nilikuwa nimemwondolea pia usingizi mfupi wa kwenye kitanzi. Alizunguka kwenye kitanzi akimuuliza kihisi "tayari? tayari?" bila kupumzika, na nilikuwa nimemfunga kwenye kori namba 3 kwa `taskset`. Thredi ya kawaida ikifanya hivyo, mpangaji zamu wa keneli huikata na kuwapa wengine. Ya `SCHED_FIFO` haikatwi na mnyonge wake, kwa hiyo keneli ina breki ya usalama: katika kila sekunde moja, thredi za aina hii zinaruhusiwa milisekunde 950, kisha zinasimamishwa 50. Namba hizo ziko wazi kabisa:

```
cat /proc/sys/kernel/sched_rt_runtime_us    →  950000
cat /proc/sys/kernel/sched_rt_period_us     →  1000000
```

Na `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa keneli, ilikuwa na mstari `sched: RT throttling activated` ambao sikuwahi kuutafuta. Milisekunde 50 kwa vipimo 1,600 kwa sekunde ni vipimo 80. Foleni ya kihisi inaokoa 32, vinapotea 48. Namba ziliangukia penyewe.

Mtandaoni utakuta ushauri wa kuandika `-1` kwenye faili la kwanza ili breki iondoke. Msifanye hivyo. Kitanzi kisicholala kwenye kipaumbele cha juu kitakufungia kifaa nje siku usiyoitarajia, na kifaa kiko kwenye vumbi la unga kilomita kadhaa kutoka kwako.

Tiba ya kweli ilikuwa waya mmoja. ADXL345 ina mguu wa INT1 ambao unaweza kupandishwa vipimo vikifika idadi unayotaka. Nimeuweka kwenye 16, nikaulehemu hadi kwenye GPIO (pini ya Pi ya kupokea ishara), na msomaji sasa analala ndani ya `poll()` mpaka mguu upande. Anaamka mara 100 kwa sekunde, anachukua vipimo 16 kwa chini ya milisekunde moja, anarudi kulala. Kuanzia mguu kupanda hadi foleni kujaa kuna nafasi ya vipimo vingine 16, yaani milisekunde 10. Hiyo 10 ndiyo bajeti yangu kuanzia leo.

Nusu saa: mapengo 43.

23 Machi. Maandishi kwenye seriali

Mapengo 43 yalikuja kwa mafungu, kila fungu baada ya dakika moja kamili. Kila dakika mchambuzi huchapisha jedwali la masafa kwenye skrini ya seriali ili niliangalie nikiwa na laptopu. Jedwali lina herufi kama 9,000 na linaandikwa kwa mkupuo mmoja.

Seriali ya 115,200 inapitisha herufi 11,520 kwa sekunde. Keneli inapokea 4,096 za kwanza kwenye bafa yake (hifadhi ya muda) papo hapo, zilizobaki zinasubiri njia: karibu sekunde 0.4. Kwa muda wote huo mchambuzi ameshika kufuli la `stdout`, njia ya kuchapa ambayo thredi zote zinaitumia lakini kwa zamu, mmoja mmoja. Msomaji naye alikuwa na `printf` moja ndogo, ya kuonyesha yuko hai, na akifika hapo anakuta mlango umefungwa. Thredi yenye kipaumbele 80 inamsubiri anayechapa jedwali.

Nimeondoa kila `printf` kwa msomaji. Anaongeza vihesabu tu, mtumaji ndiye anavisoma na kuviandika. Kanuni ninayojiwekea: msomaji haruhusiwi kugusa `printf`, `malloc`, faili wala mtandao.

Mapengo 17.

29 Machi. Kadi, kufuli, na siku nzuri iliyopotea kwa ajili ya Mars

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, kwa hiyo sitafupisha.

Mapengo 17 yalikuwa makubwa, mengine yakimeza vipimo 500. Kati ya msomaji na mwandishi kuna bafa inayolindwa na kufuli. Nilishuku kadi ni ya polepole, nikanunua nyingine ya kasi kwa TSh 38,000. Mapengo yakabaki 16, ila yakapungua ukubwa.

Kisha nikakumbuka kisa cha Mars Pathfinder. Chombo hicho kilitua Mars tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kompyuta yake ikawa inajiwasha upya yenyewe. Kazi ya kipaumbele cha chini ilikuwa imeshika kufuli, kazi ya juu inalihitaji, na kazi ya kati, isiyohusika, inamnyima prosesa yule wa chini ili asimalize. Waliponya kwa kuwasha urithi wa kipaumbele: anayeshika kufuli anapanda hadi ngazi ya anayemsubiri. Nilijiona nimepata jibu. Linux inacho kitu hicho hicho, `PTHREAD_PRIO_INHERIT`. Nikakiwasha, nikafurahi, nikaendesha. Mapengo 17.

Ndipo nikaacha kukisia na kurekodi zamu zenyewe:

```
trace-cmd record -e sched_switch -e sched_wakeup sleep 120
```

Mafaili haya ni marefu na yanachosha macho, lakini tafuta pengo moja tu na usome mistari iliyolizunguka. Langu lilisomeka hivi kwa lugha ya kawaida. Sekunde ya 418.207, mwandishi anaondoka kwenye prosesa akiwa katika hali ya `D`, yaani amelala akisubiri kadi. Milisekunde 3 baadaye msomaji anaamshwa na kihisi, anapata kori mara moja, anafanya kazi kidogo, kisha analala katika hali ya `S`: amegonga kufuli. Baada ya hapo kori zote nne hazina kazi. Hakuna anayekimbia. Sekunde ya 418.349 kadi inajibu, mwandishi anaamka, anaachia kufuli, msomaji anaamka. Milisekunde 139 amekaa mlangoni, na bajeti yake ni 10.

Kisa cha Pathfinder kilikuwa cha mtu aliyenyimwa prosesa. Mwandishi wangu hakunyimwa prosesa na yeyote, alikuwa usingizini ndani ya `fsync`, amri inayosubiri mpaka data iandikwe kweli kwenye kadi. Unaweza kumpandisha kipaumbele hadi 99 na bado kadi haitaandika haraka zaidi. Dalili ilikuwapo tangu mwanzo kwenye faili ambalo sikulifungua, `/proc/PID/task/TID/status`, mistari miwili ya mwisho. Msomaji alikuwa ameacha prosesa kwa hiari mara zaidi ya laki moja, na kwa kunyang'anywa mara 6. Thredi inayonyang'anywa prosesa inahitaji kipaumbele. Thredi inayoiacha yenyewe inasubiri kitu, na kazi yako ni kukijua kitu hicho.

Kosa langu lilikuwa kumwacha mwandishi aandike akiwa na kufuli mkononi. Sasa kuna bafa mbili. Msomaji anajaza moja. Mwandishi anashika kufuli, anabadilishana anwani za bafa, anaachia kufuli, ndipo anaandika na kufanya `fsync` kwa raha zake. Kufuli linashikwa kwa mikrosekunde chache. Kila bafa inabeba sekunde 4, kwa hiyo kadi ikikwama nusu sekunde hakuna anayejua. Urithi wa kipaumbele nimeuacha umewashwa, kwa sababu kazi nyingine yenye kipaumbele cha juu inaweza siku moja kumkata mwandishi katikati ya zile mikrosekunde chache.

Nilirudisha kadi ya zamani ili kuthibitisha. Kwenye kadi hiyo `fsync` ndefu kuliko zote ilichukua milisekunde 380. Mapengo 0 kwa nusu saa, kisha 0 kwa saa sita. TSh 38,000 ya kadi ya kasi haikuwa na kazi.

5 Aprili. Mezani ni sifuri, mashineni si sifuri

Nilikifunga tena Kihonda asubuhi. Kabla ya saa sita vipimo 31,000 vilikuwa vimepotea.

Hatua iliyoniokoa muda ni kutenganisha vihesabu, nilichokifanya nikiwa nimeketi juu ya gunia la pumba na laptopu mapajani. Kimoja kinahesabu kufurika ndani ya kihisi. Kingine kinahesabu vipimo ambavyo programu yangu yenyewe ilivitupa kwa sababu foleni ya mchambuzi imejaa. Cha kwanza: 0. Upotevu wote ulikuwa kwenye cha pili. Msomaji alifanya kazi yake, mchambuzi ndiye aliyeelemewa.

Lakini mchambuzi alihitaji sekunde 0.6 kwa kila sekunde. Kwa nini mashineni hatoshi? Nikadhani ni prosesa kushushwa spidi ili kuokoa umeme, nikaweka `scaling_governor` kuwa `performance`. Hakuna kilichobadilika, na `vcgencmd measure_clock arm` iliendelea kuonyesha MHz 600. Ndipo nikauliza:

```
vcgencmd get_throttled
throttled=0x50005
```

Namba hiyo husomwa kwa biti. Biti 0: umeme uko chini sasa hivi. Biti 2: prosesa imebanwa sasa hivi. Biti 16 na 18: mambo hayo hayo yamewahi kutokea tangu kuwashwa. Pi 3 ikiona umeme umeshuka chini ya volti 4.63, inajibana hadi MHz 600 haijalishi umeandika nini kwenye governor. Nusu ya spidi, kazi ya sekunde 0.6 inakuwa sekunde 1.2. Kila sekunde mchambuzi anabaki nyuma kwa sehemu ya tano, foleni inajaa, vipimo vinatupwa.

Multimita kwenye miguu ya Pi ilisoma volti 4.58 mota ikizunguka na modemu ikituma. Chaja ilikuwa ya simu na kebo ya mita mbili, nyembamba. Mezani nyumbani sikuwa na modemu wala mota iliyoshusha umeme wa jengo zima, ndiyo maana sikuona.

Marekebisho mawili. Adapta ya volti 5 ampea 3 na kebo fupi nene: TSh 28,000 na 8,000. Sasa inasoma volti 5.04 na `get_throttled` inasema `0x0`. La pili ni aibu ya kweli ya msimbo: mchambuzi alikuwa anakokotoa upya majedwali ya sini na kosini kila sekunde. Nikayakokotoa mara moja mwanzoni. Kutoka sekunde 0.6 hadi 0.07. Hata umeme ukishuka tena, MHz 600 zitamtosha na kubaki.

12 Aprili. Mambo madogo

Nimeongeza `mlockall(MCL_CURRENT | MCL_FUTURE)` ili kurasa za kumbukumbu za programu zisiondolewe. Angalizo: kila thredi kwa kawaida hupewa rafu (nafasi yake ya kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya MB 8, na amri hii inazifunga zote kwenye RAM. Thredi nne ni MB 32 bila sababu. Nimepunguza rafu hadi KB 256 kila moja. Kitanzi cha mtumaji kilitumia `usleep` na kilikuwa kinasogea polepole kutoka kwenye saa. Sasa kinatumia `clock_nanosleep` na muda kamili wa kuamka. Boksi la plastiki lenye mpira wa kuzuia vumbi: TSh 17,500.

Mapengo wiki nzima: 0 ya kihisi, 0 ya foleni.

26 Aprili. Je, keneli ya PREEMPT_RT inahitajika?

Watu watatu wameniuliza, nami nilikuwa nyumbani kwa sikukuu ya Muungano, nikajaribu. Viraka vya PREEMPT_RT, vinavyoibadilisha keneli ili thredi ya haraka isicheleweshwe, viliishi nje ya keneli rasmi kwa miaka kama 20, vikamalizika kuingizwa kwenye toleo 6.12 la Novemba 2024, kwa prosesa za x86, ARM ya biti 64 na RISC-V. ARM ya biti 32 haikuwamo. Ukiendesha mfumo wa biti 32 kwenye Pi yako, kwa toleo hilo utahitaji kiraka.

Nimeijenga kwenye laptopu, si kwenye Pi. `bcm2711_defconfig` inafaa pia kwa Pi 3 ya biti 64. Washa `EXPERT` kwanza, la sivyo chaguo la RT halionekani kwenye menyu. Kisha `cyclictest`, inayopima thredi inachelewa kuamka kwa kiasi gani, kwa saa mbili kila upande, huku kadi, mtandao na prosesa vyote vikisumbuliwa:

```
cyclictest -m -S -p 80 -i 1000 -D 2h
```

Keneli ya kawaida ya 6.6: kuchelewa kukubwa zaidi mikrosekunde 231. Ya RT: mikrosekunde 84. Ni tofauti nzuri, na kama ningekuwa naendesha mkono wa roboti ningeichukua leo. Bajeti yangu ni milisekunde 10, yaani mikrosekunde 10,000. Hata ile mbaya inatumia sehemu ya arobaini yake. Na RT isingeponya lolote kati ya niliyoyaandika hapo juu: si kitanzi kisicholala, si kufuli la `stdout`, si `fsync`, si kebo. Nimerudisha keneli ya kawaida, kwa sababu masasisho yake yanakuja yenyewe nami sitaki kujenga keneli kila mwezi kwa ajili ya mashine ya mtu.

10 Mei. Siku kumi na nne

Tangu 26 Aprili kifaa hakijaguswa. Mashine imefanya kazi kama saa tisa kwa siku. Mapengo ya kihisi 0, ya foleni 0. Kuchelewa kukubwa kwa msomaji kuanzia mguu wa INT1 kupanda: milisekunde 1.3. Kilele cha 77 Hz hakipo. Kipo cha 24 Hz, mzunguko wa mota wenyewe, kidogo na hakikui.

Gharama: Pi 165,000, kihisi 18,000, kadi ya kwanza 22,000, kadi isiyo na kazi 38,000, adapta 28,000, kebo 8,000, boksi 17,500, waya wa kihisi 6,000. Jumla TSh 302,500, nje ya data ya 10,000 kwa mwezi na ile 20,000 ya fundi wa Januari.

Kwa anayenakili: msomaji `SCHED_FIFO` 80, mwandishi 20, mchambuzi na mtumaji wa kawaida. Siwafungi tena kwenye kori yoyote. Haikusaidia kitu nilipopima. Mguu wa INT1 kwenye vipimo 16, SPI kwenye MHz 5.

Ujumbe wa simu ambao mzee anapokea kila jioni umebadilika. Mstari wa kwanza sasa ni mapengo, wa pili hali ya umeme, wa tatu ndio beringi. Jana nilipomwelekeza aliniuliza, "Sasa hiki kikisema beringi mbovu, nifungue mota?"

Nikamwambia, "Angalia mstari wa juu kwanza, mzee. Kama si sifuri usifungue, nipigie mimi."

Alichukua chaki anayoandikia madeni ya wateja, akaandika ukutani pembeni ya swichi kubwa: MAPENGO 0 NDIYO FUNGUA. Chini yake akaongeza namba yangu ya simu.